Kesi Iliyopotea Nyuma ya Uwanja wa Barafu

Mashine ilimwambia Alimohamed kwamba simu yake ni muhimu sana kwao, ikampigia muziki mpaka sikio likapata joto, halafu ikamkatia. Aliitazama ile simu mkononi. Kama ingekuwa na masikio, ingesikia maneno ambayo mzee wa umri wake, anayesali asubuhi na jioni, hapaswi kuyatamka.

"Umepata?" aliuliza mkewe, Khurshid, kutoka kwenye kochi.

"Nimepata wazimu," alijibu. "Hicho ndicho nilichopata."

Na alichokuwa akikitafuta wala si kikubwa. Hakutafuta urithi, hakutafuta pasipoti, hakutafuta mtoto aliyepotea. Alitafuta rekodi ya tiketi moja ya trafiki, basi. Lakini jaribu uone kutafuta kitu kidogo katika serikali kubwa.

Tiketi yenyewe alipewa mwezi wa Mei, huko Kaunti ya Harrowdale, mwendo wa saa mbili kutoka Toronto, mashambani kabisa ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu. Alikuwa akiendesha gari lake taratibu, Khurshid kando yake, polisi akamwashia taa. Kosa: amelipita basi la shule la njano lililosimama likiwa linawasha taa nyekundu. Ni kweli basi lilikuwepo. Lakini lilikuwa upande wa pili wa barabara, na katikati palikuwa na ukanda mpana wa majani na miti juu yake, na sheria ya Ontario inasema wazi kwamba palipo na ukanda wa namna hiyo, aliye upande wa pili halazimiki kusimama. Alimohamed alimweleza yule polisi. Polisi, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinafikiria kama ziote au zisiote, akamwambia akayaseme hayo mahakamani.

Vizuri. Akajaza nyuma ya tiketi kwamba anataka kusikilizwa, akaitia kwenye bahasha, akaipeleka posta kwa mkono wake mwenyewe, akasubiri. Kiangazi kikaja kikapita. Majani yakaanza kupukutika. Tarehe ya kesi haikuja. Kilichokuja ni barua ya kampuni ya bima: kwa kuwa amepatikana na hatia ya kulipita basi la shule, na kwa kuzingatia umri wake, kuanzia mwezi ujao hawatamwekea tena bima kama dereva. Gari linaweza kubaki na bima iwapo atakuwepo dereva mwingine.

"Amepatikana na hatia!" alifoka siku ile, akiipiga barua kwa kiganja. "Na nani? Lini? Hiyo mahakama ilikaa wapi, chini ya meza?"

Mwanawe, Nabeel, ambaye alielewa kila neno la Kiswahili na hakujibu hata moja kwa lugha hiyo tangu aanze shule, alimwambia kwa Kiingereza kwamba labda hii ni ishara. Auze gari. Teksi za kuita kwa simu zimejaa North York nzima, mtaa wao wa Toronto, zinafika kabla hujavaa viatu.

Alimohamed aliikunja barua. Teksi! Utamwambia nini dereva wa teksi? Nipeleke popote, mradi mke wangu aongee?

Maana hapo ndipo palipokuwa na kidonda, na hakuna aliyekijua, au ndivyo Alimohamed alivyodhani. Khurshid alikuwa akipotea kidogo kidogo. Nyumbani alikaa kwenye kochi lile, akauliza kama chai imeshanywewa, akajibiwa, akauliza tena. Alishika rimoti akaitazama kama anayejaribu kukumbuka wapi walipata kuonana. Daktari alitoa vidonge, navyo vilifanya kazi ya kumtia usingizi tu. Lakini ukimtia ndani ya gari, ukaondoka mjini, majengo yakaisha mashamba yakaanza, ulimi wake ulifunguka. Hapo alikuwa Khurshid yule yule wa Mwanza. Alisimulia Barabara ya Makongoro duka kwa duka, sato waliokaangwa mbele ya macho yako, mwalimu wake wa cherehani aliyekuwa akivaa soksi mbili tofauti. Alicheka. Alimwita mumewe kwa jina lake la utani. Kwa hiyo Alimohamed aliendesha gari, karibu kila siku, kwenda mahali ambapo hawakuwa na shughuli yoyote. Kumnyima usukani kulikuwa ni kumnyima mke, na maneno kama hayo huwezi kuyaandika kwenye fomu ya bima.

Akaanza kuitafuta hatia yake. Alikwenda kwanza kwenye dirisha la tiketi la mjini. Yule binti aliangalia kompyuta, akasema kosa halikutendeka Toronto, kwa hiyo si lao, kila kaunti ina lake. Akaingia kwenye mtandao: mtandao ukataka namba ya tiketi. Namba iko kwenye tiketi. Tiketi aliwatumia wao. Akapiga simu Harrowdale: mashine. Akapiga tena: mashine, na muziki. Siku moja binadamu alipokea, Alimohamed akashtuka mpaka akasahau alichotaka kusema. Binadamu yule akamweleza kwamba ofisi hufunguliwa Jumanne na Alhamisi tu, mwisho saa sita mchana, na asiye na namba ya tiketi aje mwenyewe na leseni yake.

"Nakwenda Alhamisi," alimwambia Custodio kwenye simu jioni ile. "Nitawakalia kooni mpaka waitapike."

Custodio alikuwa rafiki yake tangu Mwanza, Mgoa, Mkatoliki wa kuamkia misa, aliyefanya kazi ofisi za reli kule na ofisi za watu huku mpaka akastaafu. Aliishi peke yake Crescent Town, mtaa mwingine wa Toronto, ghorofa ya juu, na walipigiana simu kila siku ya Mungu, kwa Kiswahili, kwa sababu lugha zao za nyumbani, Kikutchi cha mmoja na Kikonkani cha mwingine, hazikuwahi kukutana. Kwa kawaida ukimtajia Custodio safari ya gari, anakuwa amevaa koti kabla hujamaliza sentensi. Siku hiyo alisita.

"Ya nini kwenda mpaka huko, Ali? Si uandike barua tu?"

"Niliandika. Ndiyo iliyonifikisha hapa."

"Mambo mengine huwa yanajiishia yenyewe."

"Hili halijaisha, Custo. Hili limenihukumu."

Kisha Custodio akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino, "Basi nipitie. Nakuja."

Alhamisi asubuhi wakaondoka, Custodio mbele, Khurshid nyuma na mkoba wake mapajani, kwa kuwa alisema mgeni hakai nyuma. Nje kidogo ya jiji wakasimama kununua kahawa. Alimohamed alifika kwenye kaunta, akatoa pochi, akaambiwa imeshalipwa. Custodio alikuwa anatazama dari.

Hiyo nayo ina hadithi yake. Wazee hawa wawili walikuwa vitani, na vita vyenyewe vilikuwa vya bili. Vilianza Mwanza, kwenye hoteli moja karibu na ziwa, siku Alimohamed aliposingizia kwenda chooni kumbe anakwenda kulipia chakula cha wote. Custodio hakulala usiku ule kwa aibu. Wiki iliyofuata alimwachia mhudumu fedha kabla hata hawajaketi. Tangu hapo, hakuna aliyemruhusu mwenziwe alipe mchana kweupe. Katika rika lao, kumwacha rafiki alipe huku wewe umekaa unamtazama ni utovu wa malezi, na kumshukuru ni matusi. Walivuka bahari na vita vyao. Melissa, binti wa Custodio, alipoolewa, keki ilikuwa imeshalipwa siku baba yake alipofika dukani. Custodio aliivumilia fedheha ile mwaka mzima, kisha akamtafuta fundi wa gari la Alimohamed, akalipia matairi yote manne ya majira ya baridi. Alimohamed alipogundua alimtukana kwenye simu kwa furaha kubwa.

Lakini asubuhi ile Custodio hakuonekana kufurahia ushindi wake. Alishika kikombe akaacha kahawa ipoe. Nyuma, Khurshid alikuwa ameshafika Mwanza.

"Yule mzee wa mikate pale kona," alisema. "Alikuwa akiniongezea andazi moja kila siku. Baba Nabeel, unamkumbuka?"

"Namkumbuka sana," alisema Alimohamed, akamtazama kwenye kioo. Aliona paji la uso na kipande cha mtandio tu.

"Na shemeji anamkumbuka?"

"Nani atamsahau yule, shemeji," alisema Custodio, na sauti yake ilikuwa nzito kidogo.

Harrowdale waliikuta ina barabara kuu moja, makanisa matatu, na mahakama nzuri ya matofali mekundu yenye nguzo nyeupe. Alimohamed aliegesha, akapanda ngazi kwa kifua mbele, akafungua mlango. Ndani, wasichana wawili walikuwa wakifunga riboni kwenye viti.

"Bwana harusi au bibi harusi?" mmoja aliuliza.

"Mshitakiwa," alisema Alimohamed.

Mahakama, wakamweleza, ilikuwa imehama zamani. Jengo lile sasa ni ukumbi wa harusi. Rekodi za makosa ya barabarani ziko kwenye jengo la michezo, pembeni mwa mji, nyuma ya uwanja wa barafu. Alimohamed aliuliza mara mbili kama alisikia sawasawa. Alikuwa amesikia sawasawa.

Kwa hiyo wakaenda kuitafuta haki nyuma ya uwanja wa barafu. Harufu ya viazi vya kukaanga iliwapokea mlangoni. Kina mama walikuwa wakiwafunga watoto viatu vya kuteleza, watoto wakigonga fimbo zao za hoki ukutani. Walipita choo cha wanaume, wakapita kabati la vikombe vya ushindi, wakafika kwenye dirisha lenye maandishi madogo kana kwamba ofisi yenyewe ilikuwa inaona haya kujulikana. Khurshid akakaa kwenye benchi kutazama watoto. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita.

Karani alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani ikining'inia shingoni. Alichukua leseni, akaandika jina, akangoja, akatikisa kichwa.

"Huna kesi yoyote hapa, bwana."

"Najua sina. Nilikuwa nayo. Mmenihukumu."

"Nani amekuhukumu?"

"Ninyi!"

Karani akaangalia tena. Akaeleza kwa upole, na upole ule ndio uliomtia Alimohamed hasira zaidi, kwamba kompyuta ikitafuta kwa jina huonyesha kesi zilizo wazi tu. Kesi zilizofungwa ziko kwenye mfumo mwingine, na mfumo ule hautaki jina, unataka namba ya tiketi.

"Namba iko kwenye tiketi. Tiketi nimewatumia ninyi."

"Basi itakuwa kwenye faili."

"Faili liko wapi?"

"Kulipata ninahitaji namba."

Alimohamed alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Kule Tanzania alipata kuambiwa njoo kesho, akaja kesho, akaambiwa njoo kesho, na bado alijua kwamba mlangoni yupo mtu, mtu huyo ana jina, na jina hilo lina shangazi ambaye mtu fulani anamfahamu. Hapa ugomvi wake ulikuwa na mashine mbili zisizosalimiana. Karani alitupia jicho saa ya ukutani. Akasema Jumanne watafungua tena.

"Mwezi unakwisha Jumatatu," alisema Alimohamed. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Mama, mimi nahitaji kuendesha gari. Hunielewi. Nahitaji."

Hapo ndipo Custodio, aliyekuwa amesimama nyuma yake akizungusha kofia mikononi, alipojongea dirishani, akakohoa, na kuitaja namba ya tiketi. Yote, kuanzia tarakimu ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kusoma popote.

Karani akaandika. Alimohamed akageuka polepole.

"Umeijuaje?"

Custodio alitazama kofia yake.

"Hii hapa," alisema karani kwa furaha. "Imefungwa tangu Juni. Mshitakiwa amekiri kosa."

"Sikukiri kitu!"

"Faini imelipwa yote, kwa simu. Ukilipa, bwana, sheria inahesabu umekiri. Barua yako ya kuomba kusikilizwa naiona hapa, ilifika baada ya malipo, kesi ikiwa imeshafungwa." Akavaa miwani. "Kadi iliyolipa ni ya bwana Custodio—"

"Mimi," alisema Custodio.

Mtoto mmoja alipita akiburuta fimbo. Kutoka uwanjani ilisikika filimbi.

"Umelipa faini yangu."

"Nimelipa."

"Kwa siri."

"Tangu lini tunalipiana kwa wazi?"

"Ile si sahani ya wali, Custo! Ile ni mahakama! Mahakama hailipiwi kwa siri! Ungeniuliza!"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Kwa sababu sikuwa na kosa!"

"Ali, wewe hukataa kila kitu. Nitajuaje kukataa kupi ni kwa kweli?" Custodio aliinua mikono. "Nilidhani nimekutua mzigo. Tenda wema nenda zako, si ndivyo tulivyofundishwa?"

"Ungekwenda zako bila kutenda!"

Karani, ambaye hakuelewa neno hata moja la Kiswahili lakini alielewa kila kitu, alikuwa ameshatoa karatasi. Alisema kuna rufaa. Muda wake umepita, lakini mtu anaweza kumwomba jaji amwongezee, akieleza kwa kiapo kwamba malipo yalifanywa na mtu mwingine bila yeye kujua. Na huyo mtu mwingine aape pia. Yeye mwenyewe anaweza kuwaapisha pale pale. Jaji hupita Harrowdale mara moja kwa mwezi. Atawaangalia mwezi ujao. Hawezi kuahidi lolote. Aliitazama tena ile saa ya ukutani, akainuka, akageuza kibao cha dirishani kisomeke IMEFUNGWA, kisha akarudi akakaa na kuwapa kalamu.

Wakaandika, mmoja upande huu wa meza, mwingine upande ule, kama watoto waliotenganishwa na mwalimu. Karani alisoma kiapo cha Custodio.

"Mahali pa sababu umeandika, ilikuwa zamu yangu."

"Ndiyo, mama."

"Zamu ya nini?"

Custodio alijaribu kueleza. Akaanza na hoteli ya Mwanza, akaja kwenye keki, akafika kwenye matairi. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akagonga mhuri.

Walipokuwa wanakunja karatasi, swali lililokuwa limemkwama Alimohamed kooni likatoka. "Tiketi ile, kabla sijaituma, niliiweka kwenye droo ya meza yangu, chini ya karatasi za kodi. Hata Nabeel hakuiona. Wewe uliionea wapi?"

"Basi tu. Niliiona."

"Custodio. Umeshika droo yangu?"

Custodio alitazama benchi. Khurshid alikuwa akimsaidia mtoto asiye wake kufunga kamba ya kiatu, na mama wa mtoto akitabasamu.

"Alinipa shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Ile Jumapili niliyokuja kunywa chai, wewe ukatoka kununua maziwa. Alikuja nayo akaniambia, shemeji, baba Nabeel halali kwa ajili ya karatasi hii, msaidie. Nikaisoma, nikaenda kuirudisha drooni. Nimekaa kidogo, akaja nayo tena. Maneno yale yale, Ali, neno kwa neno, kama hajawahi kuyasema. Nikairudisha. Akaileta tena. Namba niliishika kwa sababu niliisoma na kuisoma, sikuweza kumtazama usoni." Akavaa kofia, akaivua tena. "Nikasema, hili nitalimaliza mimi, ili asipate tena cha kunipa."

Alimohamed alimtazama mkewe kwenye benchi.

"Ulijua," alisema.

"Nimejua tangu mwaka jana. Nilingoja uniambie. Hukuniambia, nikasema labda hutaki tujue. Na barua ya bima ilipokuja nikaelewa nilichofanya. Ningekwambia nimelipa, ungeniuliza tiketi niliionea wapi. Ndiyo unaniuliza."

Matusi yote ambayo Alimohamed alikuwa amejiwekea kwa ajili ya safari ya kurudi, na yalikuwa mengi na mazuri, aliyatafuta asiyaone. Alikuwa bado amekasirika. Alikasirika na mashine, na ukumbi wa harusi, na Custodio, na Mungu kidogo. Lakini njaa ilikuwa inamuuma, na hasira ya mwenye njaa haina maana.

"Twende tukale," alisema.

Mgahawa ulikuwa barabara kuu, na mhudumu wake msichana mrefu. Walikula samaki na viazi. Khurshid alichambua samaki wake akasema si sato huyu, lakini kajitahidi. Wazee wawili walikula bila kutazamana. Katikati ya chakula Khurshid aliomba radhi akaenda chooni na mkoba wake, akarudi, akaketi akajifuta vidole. Alimohamed alimwona Custodio anaanza kusukuma kiti nyuma, akamwahi, wakafika kwenye kaunta pamoja, bega kwa bega.

"Imeshalipwa," alisema mhudumu.

Wakatazamana. "Wewe?" "Mimi sikuinuka mezani!"

"Yule mama amelipa," alisema msichana. Alisita, akafungua kiganja juu ya kaunta. "Ameniambia nisiwaambie mpaka mwisho. Sikujua nifanyeje. Alikuwa na furaha sana."

Kiganjani mwake palikuwa na noti ya shilingi ishirini ya Tanzania, ya miaka ile, laini kwa kukunjwa, ambayo Alimohamed hakujua kama bado ipo duniani, sembuse ndani ya mkoba wa mkewe.

Wakageuka. Khurshid alikuwa anawatazama kutoka mezani, kidevu juu.

"Leo nimewashinda wote wawili," alisema.

"Umetushinda, Khurshid," alisema Alimohamed. "Umetushinda kabisa."

Akaingiza mkono mfukoni, akaigusa pochi. Kisha akautoa mkono mtupu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kufanya jambo hilo, na lilimuuma kweli.

"Lipa wewe, Custo," alisema.

Custodio alimkodolea macho. "Kwa wazi hivi?"

"Kwa wazi. Mimi nimesimama hapa nakuona."

Custodio alilipa. Akamwomba msichana ile noti, akaikunja kama ilivyokuwa imekunjwa, na walipomsaidia Khurshid kuvaa koti akaiingiza kwenye mkoba wake bila yeye kuona.

Nje upepo ulikuwa umeanza kuuma. Alimohamed alisimama kando ya gari na funguo mkononi. Jumatatu mwezi unakwisha, jaji anakuja katikati ya mwezi ujao, na hata akija anaweza kusema hapana. Hata akisema ndiyo, kuna mwaka unaokuja, na ule wa baada yake.

"Ali," alisema Custodio kutoka upande wa pili wa gari. "Nataka kukuuliza jambo. Ona, nauliza kwanza. Leseni yangu haina doa. Gari sina, nani anahitaji gari Crescent Town. Wape bima jina langu. Asubuhi nitapanda treni nije kwenu baada ya misa, niwaendeshe popote mnapotaka."

"Hapana," alisema Alimohamed, kwa mazoea, kabla hata hajasikia mwisho.

Custodio alishika kofia yake mkononi. Alingoja.

Khurshid alikuwa ameshaingia nyuma. Kupitia dirishani walimsikia ameanza, hajangoja gari liwashwe: mzee wa mikate, andazi la nyongeza.

Alimohamed alirusha funguo juu ya paa la gari. Custodio alizidaka kwa kofia.

"Anza leo," alisema Alimohamed, "nijue mapema kama utatuua."

Akafungua mlango wa nyuma, akaketi kando ya mkewe. Custodio alisogeza kiti, akarekebisha vioo vyote, akashika breki kabla ya kuondoka na baada ya kuondoka, akaendesha kwa mwendo ambao hata ng'ombe waliinua vichwa. Alimohamed aliuma meno, akajizuia mara nyingi asiseme kitu. Mashamba yakaanza kupita.

"Na mimi siku hiyo nilikuwa nimevaa gauni la bluu," Khurshid alikuwa anasema, "nikamwambia, mzee, andazi la pili si la kwangu, ni la mtu mmoja ambaye hata hajui kama namjua."

Alimohamed aligeuka. Kwa safari zote zile alikuwa akimsikia tu, macho barabarani, na sauti ikija kutoka pembeni. Hakuwahi kuona uso unafanya nini wakati sauti ile inasema. Sasa aliuona. Macho yalikuwa yamewaka, nyusi zikipanda na kushuka, na mkono ukimpimia hewani ukubwa wa lile andazi.

"Mtu gani huyo?" aliuliza, ingawa andazi lile alilila yeye.

"Ngoja," alisema Khurshid, akamshika goti. "Usiniharakishe. Nakuja hapo."